Namna ya kuandika historia ya idara ya lugha chuoni kwenu, kwa mfano wa Kiswahili pale Mlimani

Kila idara ya lugha ikikaribia jubilei kuna mtu ataitwa ofisini aambiwe tuandikie historia ya idara, kurasa tatu nne hivi za kuweka kwenye kitabu cha sherehe, na kwa sababu muda aliopewa ni mdogo anachukua ile iliyoandikwa jubilei iliyopita, anabadilisha miaka, anaongeza jina la mkuu wa idara wa sasa na picha ya jengo, kazi imeisha. Ikija jubilei nyingine anaitwa mwingine naye anafanya hivohivo. Matokeo yake idara iliyolea waandishi, watunga kamusi na walimu wa sekondari nchi nzima inabaki na historia ya aya mbili, ilianzishwa mwaka fulani, ina malengo yafuatayo, basi. Inaniuma sana hii kitu maana wazee wanaoijua historia yenyewe wanaondoka mmoja mmoja na makaratasi yanatupwa kila ofisi inapohama.

Kwa hiyo naandika hapa namna ya kuifanya kazi hii ikaeleweka, iwe wewe ni mhadhiri, au mwanafunzi wa digrii ya pili unatafuta mada, au mstaafu mwenye nafasi. Mfano wangu mkubwa ni Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndo hapo tunapopaita Mlimani, kwa sababu una mambo mengi ndani yake, ila njia ni ileile hata kama idara yenu ni ya Kifaransa, Kiarabu au isimu.

Kwanza kabisa uliza idara ina umri gani

Swali linaonekana jepesi, uliza watu watatu uone. Pale Mlimani utapata majibu matatu na yote ni ya kweli, mmoja atakwambia 1930, mwingine 1970, mwingine 2009, na hakuna anayekudanganya.

Iko hivi. Tarehe 1 Januari 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ya serikali nne za wakati ule, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 uliokubaliana kwamba Kiunguja, lahaja ya Unguja mjini, ndo kiwe msingi wa Kiswahili sanifu cha vitabu na shule. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kamati hiyo ikabadilishwa jina, ikahamahama, mwaka 1952 ikawa Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikapita Mombasa, ikatua Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikaingizwa rasmi ndani ya chuo ikawa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, halafu 1970 ikawa TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Huo ni mkondo mmoja, mkondo wa utafiti na kamusi. Mkondo wa pili ni Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa 1970 kwa ajili ya kufundisha. Vikakaa hivyo viwili jirani kwa karibu miaka 40, watu wengi wa nje wakivichanganya, mpaka 2009 vilipounganishwa vikawa taasisi moja, TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Sasa mtu akikwambia taasisi ilizaliwa 2009 yuko sawa, ila mwaka 2005 TUKI walishasherehekea jubilei ya miaka 75, hesabu hiyo wanaihesabu toka 1930, na chuo chenyewe mwaka 2011 kilisherehekea miaka 50 kikihesabu toka 1961 kilipoanza kama chuo kishiriki cha London kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wakati jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam limeanza tarehe 1 Julai 1970.

Unaona? Kabla hujaandika sentensi hata moja chukua karatasi kubwa upige safu, kila safu chombo chake, kamati, taasisi, idara, fakalti, chuo kizima, alafu shusha miaka. Na kwenye kila mwaka andika ni kitu gani hasa kilitokea, kwa sababu neno kuanzishwa watu wanalitumia kwa mambo manne tofauti, siku seneti ilipopitisha, siku mwalimu wa kwanza alipoajiriwa, siku wanafunzi wa kwanza walipoingia darasani, na siku ya mahafali yao. Yanaweza kupishana hata miaka mitatu. Ukiandika mwaka bila kusema ni mwaka wa nini umemwachia mwenzio fumbo.

Alafu kuna kozi kutangulia idara, hili linasahauliwa sana. Fasihi ya Kiswahili haikusubiri 1970, Farouk Topan alikuwa ameshaanza kuifundisha pale chuoni mwishoni mwa miaka ya 1960, na kuifundisha kwa Kiswahili chenyewe, jambo ambalo wakati ule hakuna aliyekuwa amelizoea kwenye chuo kikuu. Kitabu alichokihariri, Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, kikatoka 1971. Kwa hiyo historia ya ufundishaji ni ndefu kuliko historia ya idara, na kama idara yenu ni ya Kifaransa au Kiarabu nakuhakikishia ni vilevile, kulikuwa na mtu anafundisha kozi moja au mbili ndani ya idara nyingine kabla hamjapata mlango wenu, mtafute huyo.

Makaratasi yako wapi

Watu wengi wanaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara kuomba faili. Nenda, ila usitegemee sana, ofisi ya mkuu wa idara inabadilisha mtu kila baada ya muda na kila anayeingia anasafisha. Mahali pa maana ni masijala ya chuo. Pale ndo kuna mihutasari ya vikao, barua za kuajiri, maombi ya kuanzisha kozi na majibu yake. Utahitaji kibali, andika barua mapema, eleza unataka faili za miaka gani na za nini, usiseme tu nataka historia maana mtu wa masijala hatajua akutolee nini. Na muheshimu sana huyo mtu wa masijala jamani, salimia, kaa naye, mweleze unachofanya, kwa sababu yeye ndo anajua chumba gani kuna makasha ambayo hayako kwenye orodha yoyote.

Baada ya masijala tafuta kalenda za chuo, vile vitabu vya kila mwaka vinavyoorodhesha idara, walimu na kozi. Hizi mimi naona ni dhahabu. Ukizipanga kuanzia ya zamani mpaka ya karibuni unaona idara inavyokua mwaka kwa mwaka, nani kaingia, nani katoka, nani kapanda kutoka mhadhiri msaidizi, kozi gani imekufa na ipi imezaliwa. Pale Dar es Salaam zitafute maktaba kuu kwenye sehemu ya East Africana, humo ndo kuna machapisho mengi ya ukanda wetu. Ila kuwa makini, kalenda inaonyesha kilichopangwa, haimaanishi kilifundishwa. Kozi inaweza kukaa kwenye kalenda miaka mitano haina mwalimu. Dawa yake ni mitihani ya zamani. Mtihani hauna sababu ya kujipamba, kama swali liliulizwa ina maana kitu kilifundishwa. Ukisoma mitihani ya fasihi ya miaka ya 1970 na ya miaka ya 1990 ukaiweka pamoja utaona waandishi waliokuwa wanasomwa wamebadilika, nadharia zimebadilika, hata namna ya kuuliza imebadilika, na hiyo ndo historia ya taaluma yenyewe.

Tatu ni majarida. Kamati ile ya 1930 ilianza na bulletini yake hukohuko mwanzoni, likabadilishwa jina zaidi ya mara moja na ndilo leo linaitwa Kiswahili. Mulika lilianza 1971. Wengi wanayasoma kwa ajili ya makala tu, wewe soma yale ya pembeni, tahariri, orodha za wajumbe, taarifa za mwaka, vitabu vilivyopokewa, tanzia. Matoleo ya zamani yana majina ya wajumbe wa kamati, na ukiyafuata mwaka kwa mwaka unaona jambo ambalo aya mbili za jubilei haziwezi kukwambia, kwamba kamati iliyokuwa inaamua Kiswahili sahihi ni kipi ilianza bila wajumbe Waafrika, ikaenda hivyo mpaka miaka ya 1940 ndo wakaanza kuingia vikaoni. Usiliruke hilo. Wala usilipige kelele aya nzima, weka majina na miaka mezani, msomaji ataona mwenyewe.

Ukitafuta habari za kamati kwenye maktaba za nje andika jina lake la Kiingereza, Inter-Territorial Language Committee, na baadaye East African Swahili Committee, ukiandika TUKI hutapata kitu cha kabla ya 1970. Hili linawapotezea watu muda mwingi.

Alafu jua chuo chako kilikuwa chini ya nani kila kipindi kwa sababu makaratasi hufuata bosi. Kuanzia 1961 mpaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa chini ya London, kwa hiyo mambo ya digrii na mitihani ya kipindi hicho yana nakala London. Kuanzia 1963 mpaka 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja chenye vyuo vitatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na maamuzi makubwa ya kipindi hicho yamesambaa kwenye miji mitatu. Mtu anakaa Dar anasema faili la 1967 halipo, kumbe hajaandika hata barua pepe moja kwenda Kampala. SOAS, kile chuo cha taaluma za Asia na Afrika pale London, wana mikusanyo ya watu waliopita huku, kama Wilfred Whiteley na Jan Knappert, wote wawili waliwahi kuiongoza kamati kama makatibu. Na maktaba ya Dar es Salaam yenyewe ina miswada ya Kiswahili na kanda za sauti ambazo J.W.T. Allen alizitengenezea katalogi iliyochapwa 1970, tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, vitu ambavyo wanafunzi wengi wa Kiswahili wanamaliza digrii hawajui viko mita chache kutoka wanapokaa.

Na msisahau wafadhili. Mradi wowote uliofadhiliwa kutoka nje uliandikiwa ripoti, na hata kama huku nakala imepotea, kule aliyetoa hela anayo. Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza 2001 kwa fedha za Sweden, uliozaa misamiati mingi ya lugha za makabila na atlasi ya lugha ya 2009, una ripoti za namna hiyo, na humo ndani kuna majina ya vijana waliokwenda vijijini kukusanya maneno.

Barua moja haitoshi, tafuta iliyotangulia na iliyofuata

Hapa naomba nitoke Dar niende Nairobi kidogo kwa sababu mfano wao ni mzuri kuliko wote. Tarehe 24 Oktoba 1968 walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu kishiriki cha Nairobi ifutwe, na mahali pake iwekwe idara itakayoiweka Afrika katikati, na fasihi simulizi ndani yake, na fasihi ya Kiswahili, na za kwingineko zifuate kwa kadiri zinavyotuhusu. Waraka huo unajulikana dunia nzima, Ngũgĩ aliuchapa kwenye kitabu chake cha insha cha 1972. Sasa kitu ambacho wengi hawakisemi ni kwamba ule ulikuwa ni jibu. Tarehe 20 Septemba mwaka huohuo kaimu mkuu wa idara, James Stewart, alikuwa amewasilisha mapendekezo ya namna ya kuipanua na kuipanga upya fakalti na idara, na wale watatu wakajibu kwamba hoja sio kuongeza kozi pembeni ya Kiingereza, hoja ni kwanini Kiingereza kikae katikati.

Ukisoma waraka wa Oktoba bila wa Septemba unapata tamko. Ukisoma yote miwili unapata kikao, watu wanabishana kuhusu bajeti, nafasi za walimu na ratiba, na unaelewa kwamba idara hubadilika kwa mambo madogomadogo kama hayo. Kwa hiyo kila ukipata barua nzuri uliza vitu viwili, hii ilikuwa inajibu nini, na ilijibiwaje. Mara nyingi majibu yako faili la pili, la fakalti au la seneti. Na uliza nani alikataa, maana mihutasari yetu inapenda kuandika wajumbe walikubaliana, wakati kulikuwa na mzee mmoja pale alipinga kikao kizima na pengine hoja zake ndo zilikuja kuonekana za kweli baadaye.

Kuongea na wazee

Usiende mikono mitupu. Ukimwendea mwalimu mstaafu ukamwambia shikamoo mwalimu, naomba unisimulie historia ya idara, atakusimulia ile ya kwenye kitabu cha jubilei, kwa sababu swali lako ndo limeiomba hiyo. Nenda na fotokopi ya kalenda ya mwaka alioanza kazi, mwoneshe ukurasa wenye orodha ya walimu, muulize huyu alikuwa anafundisha nini, ofisi zilikuwa jengo gani, nani mlikuwa mnakaa chumba kimoja, mlikuwa mnaandaaje noti kabla ya kompyuta. Hapo ndo kumbukumbu zinafunguka. Picha za zamani zinafanya kazi hata zaidi. Nenda asubuhi, usikae muda mrefu, ukiona amechoka aga urudi siku nyingine, na kama kuna mtoto wake au mjukuu mwache akae asikilize, mara nyingi yeye ndo atakwenda kutafuta lile begi la makaratasi chini ya kitanda.

Omba ruhusa ya kurekodi na urekodi kwa vifaa viwili, simu na kitu kingine, hamisha faili siku hiyohiyo, lipe jina na tarehe. Muulize waziwazi kuna chochote hutaki kiandikwe? Na akikwambia sehemu fulani usiandike, usiandike, hata kama ndo tamu kuliko zote.

Tafadhali sana usiishie kwa maprofesa. Kaeni na makatibu muhtasi, wapiga chapa, wahudumu wa ofisi, wakutubi. Miaka ambayo noti zote zilipigwa kwenye stensili na kurudufiwa kwa mashine ya mkono, mpiga chapa alikuwa anasoma kila mhadhara wa idara kabla ya mwanafunzi yeyote. Idara ya Kiswahili ilibidi ifundishe isimu kwa Kiswahili wakati istilahi nyingi zilikuwa bado zinatafutwa, mwalimu huyu anasema hivi, yule vile, mpaka mwaka 1990 TUKI walipotoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha, sasa fikiria yule aliyekuwa anapiga chapa noti za walimu wote, yeye ndo aliyekuwa anaziona tofauti zote kwenye meza moja. Hajawahi kuulizwa. Muulize.

Na wengine hawako tena chuoni wala nchini. Euphrase Kezilahabi, yule mwandishi, mtu wa Ukerewe, alisoma palepale Dar es Salaam, akafundisha Idara ya Kiswahili, akachukua udaktari Wisconsin, mwaka 1995 akaenda Chuo Kikuu cha Botswana na hakurudi kufundisha tena Mlimani mpaka alipofariki Januari 2020. Sehemu ya historia ya idara iko Gaborone. Topan naye alikwenda kufundisha London. Fuata watu walikokwenda, waandikie, wanafunzi wao wa kule wana barua na noti ambazo kwetu hamna.

Majina yaliyobanwa pembeni

Hili ndo jambo ninalolipigania kuliko mengine yote kwenye uandishi huu. Idara za lugha zimejengwa na watu walioitwa wasaidizi. Msaidizi wa lugha, mzungumzaji, mtoa habari, mkusanyaji, majina ya namna hiyo yamewafunika watu waliokuwa walimu kamili.

Chukua Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa 1887 na kufundisha maafisa wa Kijerumani waliokuwa wanakuja kutawala huku. Yeye ndo mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka 1903, na hadi leo ukitaka kujua harusi, maziko, ngoma na malezi ya watu wa zamani wa Mrima, pwani yetu ya bara, unakwenda humo. Lakini jalada lilibeba jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kutoa. Mtoro alimuoa Bertha Hilske, Mjerumani, mwaka 1904, na mwaka uliofuata walipotaka kurudi nyumbani serikali ya kikoloni ilikataa asishuke pwani na mke mzungu, wakarudishwa Ujerumani. Akaendelea kufundisha, akafanya kazi na Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kiafrika, kule Hamburg, akafariki Berlin mwaka 1927 bila kuiona tena Bagamoyo. Tafsiri ya Kiingereza ya Allen, yuleyule wa katalogi ya miswada, ilipotoka mwaka 1981 ndo ilibeba jina la Mtoro kama mwandishi.

Kwa hiyo ukiandika historia ya ufundishaji wa Kiswahili Ulaya ukaanza na Velten na Meinhof ukamaliza bila Mtoro, umeandika historia ya wenye ofisi. Na usidhani ni mambo ya Wazungu tu. Fungua kamusi au mkusanyo wowote uliotoka kwenye idara yenu, nenda ukurasa wa shukrani, kule kwenye herufi ndogo, nakili majina yote, alafu anza kuuliza mmoja mmoja, huyu alikuwa nani, alilipwaje, alifanya sehemu gani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 haikutungwa na mtu mmoja na wala haikutungwa kwa mwaka mmoja, kuna watu walikaa na vikadi vya maneno miaka na miaka.

Angalia na nje ya geti

Idara haiishi peke yake. Ukiona umri wa wanafunzi umebadilika ghafla katikati ya miaka ya 1970 usitafute sababu ndani ya idara, kuna Azimio la Musoma la 1974 lililotaka mtu afanye kazi kwanza ndo aende chuo kikuu, kwa hiyo waliokuwa wanaingia darasani walikuwa watu wazima, wengi wao walimu, na mwalimu wa Kiswahili aliyefundisha sekondari miaka mitatu anauliza maswali tofauti na kijana wa kidato cha sita. Ukikuta mwaka 1990 na 1991 kalenda imevurugika, chuo kilifungwa 1990 baada ya mgogoro wa wanafunzi na serikali. Ukikuta jarida limechelewa kutoka miaka ya 1980, kumbuka nchi ilivyokuwa, karatasi yenyewe ilikuwa ya kutafuta.

Na magazeti! Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na wenzake wa chuoni wakaandika kwa njia hiyohiyo, washairi wa jadi waliwaka moto na malumbano yakatoka nje ya chuo kabisa, kwenye magazeti na redioni, watu ambao hawajawahi kukanyaga Mlimani wakawa wanajadili idara inafundisha nini. Hiyo ni historia ya idara kuliko mihutasari mingi. Tenga siku za kukaa maktaba na majalada ya Uhuru na Mzalendo, soma kurasa za ushairi na barua za wasomaji.

Kuandika sasa

Andika kwa Kiswahili. Idara ya Kiswahili ambayo historia yake ndefu ipo kwa Kiingereza tu inajinyima, na hata ya Kifaransa au Kiarabu wazazi na wanafunzi wako watasoma Kiswahili. Fuata maswali badala ya wakuu wa idara, maana historia nyingi ziko hivi, chini ya fulani idara ilipiga hatua, chini ya fulani ikapiga hatua zaidi, mpaka msomaji anashangaa mbona hatufiki. Sura moja iwe ya nini kilifundishwa, nyingine nani walisoma na wakaenda wapi, nyingine vitabu vilivyotoka, nyingine ugomvi. Ndio, ugomvi uwepo, wa kitaaluma, watu walibishana kuhusu lahaja, kuhusu istilahi, kuhusu ushairi, na bila hiyo mabishano taaluma ingekuwa imelala. Ila kwa walio hai andika kilichoko kwenye karatasi au walichokwambia wenyewe, maneno ya korido yaache korido.

Kila mwaka uwe na karatasi yake au mtu wake. Wakikupa tarehe mbili tofauti na huna njia ya kuamua, andika zote mbili na nani kasema ipi.

Kabla ya kuchapa rudisha rasimu kwa kila uliyeongea naye, iprintiwe kwa herufi kubwa, usimtumie mzee wa miaka 80 faili la simu. Watasahihisha majina, na majina ndo yanakoseka zaidi, Mwinyi anakuwa Mwenye, Saidi anakuwa Said. Mpe muda, fuata mwenyewe.

Ikishatoka, peleka nakala maktaba ya chuo, maktaba ya taifa, na kwenye Nyaraka za Taifa, na Zanzibar pia kama umegusa mambo ya kule, kwa mfano TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na sasa iko ndani ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Rekodi za sauti na fotokopi zote ziache kwenye boksi lenye orodha juu, maktaba, sio nyumbani kwako wala kwenye laptopu yako. Na ndani ya boksi weka karatasi moja ya maswali uliyoshindwa kuyajibu na majina ya watu ambao hukuwafikia, yule atakayeitwa ofisini jubilei ijayo aanzie hapo.